Maharage Yaive, Gesi Ibaki: Mwongozo Kamili wa Kisayansi kwa Majiko ya Dar

Wadau habari zenu. Leo naomba tukae na maharage mpaka tuelewane, maana ndo chakula kinachopikwa Dar nzima kuanzia Masaki mpaka Chanika, na ndo hichohicho kinachomaliza mtungi wa gesi watu wakabaki wanauliza mbona juzi tu tumejaza. Nitawapeleka hatua kwa hatua, kuanzia sokoni mpaka kiporo, na kila hatua nitasema kwanini, sio fanya hivi tu halafu basi. Kinachonisukuma ni kimoja: maharage hayaivishwi na ukubwa wa moto, yanaivishwa na joto na muda, na wengi wetu tunanunua moto ambao maharage wala hayauoni.

Hatua ya 1: Jua gesi yako inakoenda

Jioni yoyote pita uani kwenye nyumba ya kupanga, Tandale, Mbagala, Kimara popote pale, utakuta sufuria ya maharage iko jikoni, moto umefunguliwa mpaka mwisho, ndimi za buluu zimepanda ubavuni mwa sufuria, mfuniko unarukaruka, na pembeni kuna jagi la maji linasubiri kuongezea. Hilo jagi ndo nataka uliangalie vizuri. Maji unayoongeza yanaziba pengo la nini? Maharage yakishaloweka hayanywi tena maji mengi hivyo. Mengi yameondoka kama mvuke, yako juu ya dari ya jirani saa hizi.

Dar iko usawa wa bahari kwahiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na yakishafika hapo hayapandi tena hata uweke moto wa namna gani, ni kama daladala lililojaa mpaka mlangoni, ukimpandisha mmoja anashuka mwingine, idadi ndani ni ileile. Joto unaloongeza linatumika kuzitoa molekuli za maji kwenye sufuria tu. Harage lililoko ndani linasikia nyuzi 100 kama moto ni mkubwa, na linasikia karibu nyuzi 100 zilezile kama moto ni mdogo na maji yanatokota kwa upole.

Sasa hesabu, na hii hesabu naipenda sana. Kupasha lita moja ya maji ya bomba kutoka nyuzi 28 mpaka 100 kunahitaji nishati ya kilojuli 300 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo ambayo tayari imechemka iwe mvuke kunahitaji kilojuli 2,260, yani mara saba na nusu ya kazi ya kuichemsha! Kilo moja ya gesi ya kupikia ina kilojuli kama 46,000, na kwenye haya majiko yetu ya kawaida chukulia karibu nusu tu ndo inaingia kwenye sufuria, nyingine inapasha ukuta, jiko na wewe uliyesimama hapo unatoka jasho. Ukigawanya unapata kama gramu 100 za gesi kwa kila lita ya mvuke. Mtungi mdogo una kilo 6. Lita 60 za mvuke na mtungi umeisha, hujala hata harage moja.

Kwahiyo ukitaka kujua umepoteza kiasi gani leo huhitaji mita wala mzani, pima maji uliyoongeza. Chukua chupa ya lita moja ndo iwe ya kuongezea, na maharage yakiiva angalia imebaki kiasi gani. Mpe mtoto wa darasa la tano kazi ya kuandika, anaipenda hiyo kazi kuliko hesabu za daftarini na anajifunza hesabu zilezile.

Hatua ya 2: Sokoni

Hapa watu wanachagua kwa rangi na bei wanasahau umri. Maharage yana umri, na umri wake unapimwa na joto na unyevu wa mahali yalipokaa. Yakikaa miezi mingi sehemu ya joto na unyevunyevu yanabadilika ndani, ile gundi inayoshikanisha seli zake inakaza, na yakishafika hapo unaweza kuyachemsha asubuhi hadi jioni yakabaki na kokoto ndani. Na sasa fikiria hali ya hewa ya Dar, joto na unyevu mwaka mzima. Stoo ya Dar ni mahali pabaya sana pa kuweka maharage kwa muda mrefu, wakati yaleyale yangekaa Mbeya au Lushoto kwenye baridi yangedumu vizuri zaidi.

Kwahiyo ukienda Tandale au Kariakoo muulize muuzaji mzigo umeingia lini, sio unatoka wapi tu. Angalia ngozi: harage jipya linang'aa na rangi yake imekaa vizuri, la zamani limefifia, rangi imeenda kwenye ukahawia, na mengine yamekunjamana. Ukiona vitundu vidogo vya duara ujue wadudu wamewahi. Ya njano watu wengi husema yanaiva haraka na mimi nakubaliana nao, lakini ya njano ya mwaka juzi yatashindwa na mekundu ya mwezi uliopita. Nunua ya kutosha mwezi mmoja, usinunue gunia kwasababu tu bei ni nzuri, faida utairudisha kwenye gesi.

Hatua ya 3: Chambua, kisha pima maji yako

Kuchambua kila mtu anajua, sinia, mkono, mawe pembeni. Ukimaliza yamwagie maji, yanayoelea mengi yameliwa ndani au yamekauka vibaya, toa.

La maji ndo watu hawalijui. Dar tuna maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu, halafu tuna visima vya kuchimba mitaani ambavyo vingi maji yake ni ya chumvi na magumu. Magumu maana yake yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na haya madini mawili ndo adui wa maharage laini. Seli za harage zimeshikanishwa na kitu kinaitwa pektini, na kalsiamu inaishika pektini isiyeyuke. Ukipikia maji yenye kalsiamu nyingi unakuwa unapika na kukaza kwa wakati mmoja, yani mguu mmoja mbele mmoja nyuma.

Kupima ni rahisi na watoto watashangilia. Chukua chupa mbili za plastiki zinazofanana, moja weka maji ya mvua au ya kununua, nyingine weka maji unayotumia nyumbani, kiasi sawa, nusu chupa. Kwangua sabuni ya mche kidogo, weka kiasi sawa kila chupa, funga, tikisa mara ishirini. Tumia sabuni ya mche kwa sababu ya unga imetengenezwa istahimili maji magumu, itakudanganya. Maji laini yatatoa povu zito linalokaa. Maji magumu yatatoa povu kiduchu halafu maji yenyewe yanakuwa meupe na vijipande vinaelea, ile ndo kalsiamu imekamatana na sabuni. Dalili nyingine iko ndani ya birika lako, ukiona ukoko mweupe chini hiyo ni kalsiamu na magnesiamu ambayo imekuwa ikikaa kwenye chai.

Kama maji yako ni magumu, tumia ya bomba au ya mvua kwa kuloweka na kupikia maharage tu, kuoshea vyombo endelea na ya kisima. Huhitaji mengi.

Hatua ya 4: Kuloweka, na hapa tusiharakishe

Harage kavu linanyonya maji taratibu sana, na mengi yanapitia kwenye kile kijicho chake, pale lilipokuwa limeshikana na ganda. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, chukua harage moja lenye ngozi nyeupe au ya njano, liweke kwenye kisosi cha maji, kaa nalo. Baada ya muda utaona ngozi inaanza kukunjamana kuanzia karibu na kijicho, mikunjo midogomidogo inayotambaa kuelekea upande wa pili, kwasababu ngozi inapata maji na kutanuka kabla nyama ya ndani haijatanuka. Masaa yakipita nyama nayo inajaa na ngozi inanyooka tena, inakuwa imebana kabisa. Likishakuwa hivyo limeloweka. Kilo moja kavu inakuwa kama kilo mbili.

Faida ni kwamba joto linasafiri ndani ya harage lenye maji kirahisi, na wanga wa ndani hauwezi kuiva bila maji, kwahiyo usipoloweka yale masaa ya mwanzo jikoni unayatumia kuloweka kwa gesi.

Weka chumvi kwenye maji ya kulowekea. Najua tumekuzwa tukiambiwa chumvi inakaza maharage, na hapa nasimama na sayansi: sodiamu ya kwenye chumvi inaingia kwenye ngozi ya harage inachukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu, ngozi inalegea, na yakiiva hayapasukipasuki ovyo. Kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja na nusu ya maji kinatosha, afu maji hayo unamwaga na kusuuza.

Muda kwa Dar: masaa 6 mpaka 8, basi. Yale mambo ya kuloweka kuanzia jioni mpaka kesho mchana ni ya watu wa baridi. Hapa kwenye nyuzi 30 bakteria wanaanza sherehe mapema, unakuta asubuhi kuna vipovu juu na harufu ya uchachu. Kama una friji weka humo yalale salama. Kama umesahau kuloweka na wageni wanakuja, yachemshe dakika mbili, zima, funika, yaache saa moja, mwaga maji, endelea. Inafanya kazi vizuri.

Na sasa lile suala ambalo kila mtu analifikiria ila hasemi. Maharage yana sukari aina ya rafinosi na stakiosi ambazo tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita tumboni nzimanzima, zinapita utumbo mwembamba, zinafika utumbo mpana ambako mabilioni ya bakteria wamekaa wanazisubiri kwa hamu, wanazila, na wakila wanatoa gesi: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Hizo tatu zote hazina harufu! Kinachowafanya abiria wafungue madirisha ni kiasi kidogo sana cha gesi zenye salfa. Sukari hizi zinayeyuka kwenye maji, kwahiyo ukiloweka na kumwaga maji unapunguza sehemu yake, hasa ukitumia ile njia ya kuchemsha dakika mbili maana maji ya moto yanazitoa zaidi. Hazitaisha zote. Lakini kama kesho unapanda mwendokasi saa moja asubuhi, mwaga maji ya kulowekea, wafanyie hisani Watanzania wenzako.

Hatua ya 5: Dakika kumi za moto mkali

Hii ni hatua pekee ambayo nasema fungua moto bila huruma, na ni ya usalama. Maharage mabichi yana protini inaitwa lektini, na mekundu ndo yanaongoza kuwa nayo. Punje nne tano tu za maharage mekundu mabichi au yaliyoiva nusu zinaweza kumfanya mtu mzima atapike na kuhara. Kinachoiua ni mchemko kamili, angalau dakika 10 mfululizo kwenye nyuzi 100. Joto la chini ya 80 haliiui, na linaweza hata kuongeza ukali wake, ndo maana sitaki mtu asome habari ya kapu la kuivishia bila moto hapo chini akaruka hatua hii. Kwa mekundu mimi nasema nenda mpaka nusu saa, utalala na amani.

Maji mapya, yafunike maharage kwa vidole viwili juu yake. Sikiliza sufuria inavyopanda joto: kwanza vipovu vidogo vinashika ukutani, hivyo ni hewa tu iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji. Halafu sufuria inaanza kuimba, ule mlio wa kama mvua ya mbali, hapo chini kunazaliwa mapovu ya mvuke yanapanda yanakutana na maji ya juu ambayo bado hayajafika 100 yanapasuka, maelfu kwa pamoja. Mlio ukishuka na kuwa mzito, maji yamechemka kweli, anza kuhesabu dakika zako hapo.

Povu litapanda, litataka kumwagika lizime jiko. Ni protini pamoja na saponini, ambazo zinatoa povu kwa namna ileile ya sabuni. Kijiko kidogo cha mafuta kinalivunja.

Hakikisha pia moto wenyewe ni wa buluu. Ukiona wa njano na sufuria inashika masizi ujue gesi haiungui yote, safisha vitundu vya jiko kwa sindano au brashi.

Hatua ya 6: Chagua njia yako ya kuivisha

Njia ziko tatu.

Ya kwanza, moto mdogo na mfuniko unaobana. Baada ya dakika zako za moto mkali, punguza mpaka uone maji yanatikisika tu na povu moja moja linapanda katikati. Ndimi za moto zisitoke nje ya kitako cha sufuria. Usifunue kila dakika mbili kuchungulia, kila ukifunua mvuke uliolipia unatoka. Nduguyo wa Mbeya akikwambia kwao maharage yanachelewa mwamini, mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka karibu nyuzi 94, na kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, yanachemka karibu 80, pale maharage yatachelewa mno na lektini usiitegemee kufa. Dar tumebahatika, tunapata zile 100 kamili bure.

Ya pili, presha kuka. Hii kwa kasi haina mpinzani. Mfaransa Denis Papin ndo aliitengeneza mwaka 1679 akiwa London, na akaiwekea vali ya kutoa mvuke ukizidi isije ikalipuka, wazo ambalo mpaka leo ndo linatulinda jikoni. Ukifungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 120 badala ya 100. Nyuzi 20 zinaonekana chache ila mambo mengi ya kikemia yanaenda kama mara mbili kwa kila nyuzi 10, kwahiyo unapata kasi ya karibu mara nne, afu mvuke hautoki hovyo. Maharage yaliyoloweka yanahitaji dakika 10 mpaka 15 tu toka ianze kupiga, na ikishaanza kupiga punguza moto, kuiacha ipige kelele mtaa mzima usikie hakuongezi joto ndani, vali inatoa ziada yote nje. Usijaze zaidi ya nusu, kwasababu povu na maganda yanaweza kuziba tundu la mvuke, weka yale mafuta kidogo, angalia mpira wa mfuniko haujachanika, na kamwe usifungue kwa nguvu. Mfuniko ukigoma ujue mvuke bado upo, zima uende ukafanye kazi nyingine.

Ya tatu ndo nayoipenda kuliko zote kwasababu inapika bila moto kabisa. Kapu. Wazo ni jepesi: kama harage linataka nyuzi karibu 100 na muda, na tayari umeshazipata hizo nyuzi, kwanini usizizuie tu zisitoke? Hotipoti inaweka wali moto kwa sababu hiyohiyo, na chupa ya chai pia, ambayo mwanasayansi James Dewar aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya kutunza gesi zenye baridi kali sana maabara, chai ikaja kufaidi baadaye.

Tafuta kapu kubwa au boksi gumu. Chini na pembeni jaza kitu chenye hewa nyingi iliyonaswa, maana hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri sana cha joto: makumbi ya nazi yaliyokauka, maranda ya fundi seremala, matambara, mabaki ya sponji la godoro. Unene wa upana wa kiganja kila upande, chini usisahau. Makumbi yanapatikana bure kwa wakuna nazi, wengi wanayatupa. Tengeneza shimo la saizi ya sufuria. Shona mto mnene wa kufunikia juu, joto linakimbilia huko zaidi.

Chemsha maharage yaliyoloweka nusu saa, sufuria ikiwa imejaa vizuri, maana sufuria yenye maharage mengi ina joto jingi la akiba na iliyojaa robo inapoa haraka. Ikiwa bado inatokota, funika, izungushie khanga ya pamba kwanza isije ikagusa sponji ikaliyeyusha, iingize kapuni, weka mto juu, ondoka. Nenda kazini, nenda kanisani, nenda msikitini, nenda Kigamboni ukarudi na pantoni. Usifunue. Baada ya masaa manne mpaka sita fungua, utakuta yameiva au yamebakiza kidogo, yarudishe kwenye moto yachemke upya dakika kumi ukiunga. Lazima yatoke bado ya moto, zaidi ya nyuzi 60. Kama huna kipimajoto shika sufuria kwa nje: ukiweza kuacha mkono pale bila kuuondoa, imepoa mno, kapu lako linavuja joto, ongeza makumbi, na siku hiyo usiyaache tena yakae.

Angalizo kwa wanaotumia mkaa: jiko la mkaa linalofifia taratibu linaivisha maharage vizuri kabisa, ila usiliingize chumbani mlangoni kumefungwa eti mvua inanyesha. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na inaua watu wamelala.

Hatua ya 7: Nini kiingie lini

Magadi kwanza. Yanalainisha kweli, kwasababu ni alkali na pektini inavunjika haraka kwenye alkali. Lakini yanaharibu vitamini B1, yakizidi maharage yanakuwa na ladha ya sabuni na uji-uji, na magadi ya mawe kama yale ya kutoka Ziwa Natron yanaweza kuwa na floraidi nyingi ambayo inachangia meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia. Mtu aliyeloweka kwa chumvi na kutumia maji laini hayahitaji. Ukilazimika, robo kijiko cha chai kwa kilo.

Nyanya, ndimu, ukwaju: vyote ni asidi, na asidi inafanya kinyume cha magadi, inaiimarisha pektini. Ukiweka nyanya kabla maharage hayajaiva umeyafunga hapohapo, yatakaa jikoni mpaka mkate tamaa wote wawili. Subiri mpaka harage ukiliminya kati ya ulimi na kaakaa linasagika lote bila chembe ngumu, ndo ulete nyanya.

Kitunguu kaanga pembeni kwenye mafuta mpaka kiwe cha dhahabu. Ile rangi na harufu ni kazi ya joto la nyuzi 140 kwenda juu, protini na sukari zinaungana, jambo ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Kwenye maji hufiki 140, kwahiyo kitunguu ulichotupia tu kwenye mchemko kitaiva lakini kitabaki mnyonge.

Tui la nazi: kuna tui jepesi na tui zito, na yana tabia tofauti. Tui ni matone madogo sana ya mafuta yanayoelea kwenye maji, yameshikiliwa na protini yasiungane. Ukichemsha kwa nguvu protini zinashikana zenyewe kwa zenyewe, mafuta yanaachwa yanaungana juu, tui limekatika. Kwahiyo jepesi litangulie lichemke na maharage, zito liingie mwisho kabisa, moto mdogo, ukiwa unakoroga taratibu mpaka lianze kutikisika, zima. Kuna wanaosema lazima ukoroge upande mmoja tu. Upande hauna shida, koroga kulia, koroga kushoto, muhimu joto ligawanyike na chini pasiunguze.

Hatua ya 8: Kiporo

Sufuria ya maharage iliyoachwa jikoni usiku kucha kwenye joto la Dar ni hatari hata kama ilichemka sana. Kuna bakteria wanaotengeneza mbegu ngumu ambazo mchemko hauziui, zinalala tu, na sufuria ikipoa taratibu kupita nyuzi 50, 40, 30, zinaamka na kuzaliana kwa kasi. Baadhi wanaacha sumu ambayo hata uchemshe upya haiharibiki. Kwahiyo maharage ya kesho yatoe mapema, yagawe kwenye vyombo vya bapa visivyo na kina ili yapoe haraka, ndani ya masaa mawili yawe kwenye friji, na yaliwe ndani ya siku tatu nne. Yakiwa yamechacha au yana mapovu, mwaga.

Ukipika kilo nzima, nakushauri unga nusu tu na nazi, nusu nyingine iweke kwenye friza bila kuiunga, pamoja na maji yake, kwenye vibakuli vya mlo mmoja mmoja, usijaze mpaka juu maana maji yakiganda yanatanuka. Siku ya kula utakuta mchuzi umekuwa mzito kama uji, ni wanga ulioshikana kwa baridi, ongeza kikombe cha maji ya moto, pasha mpaka katikati kuchemke, kaanga kitunguu chako kipya, halafu kamua nazi.